Dada Futi na Figo za Baba

Leo namsifia dada yangu, na asiyetaka kusikia aende zake. Mtaani wanamwita Dada Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni. Kuna siku alikwenda nayo msibani. Ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na mbili huu. Shule aliishia darasa la saba. Baba alisema hawezi kusomesha wawili kwa pamoja, akamchagua kaka, dada akakabidhiwa cherehani. Hajawahi kulalamika. Mimi kitinda mimba ndiye ninayelalamika kwa niaba yake.

Kaka amesoma kweli, anafundisha sekondari, na kwetu neno lake halipingwi. Karatasi yoyote ikiingia nyumbani lazima ipite kwake, hata ile inayosema maji yatakatika.

Basi Baba alikuwa apasuliwe ngiri siku ya Alhamisi. Ngiri hiyo ilimtenga na randa yake miezi minane. Seremala mzima anakaa kitini kutwa, anatazama mbao kwa hamu. Wiki mbili kabla, hospitali walimpima damu, upande wa figo wakaandika 1.1. Tukaambiwa safi. Jumatatu wakataka kipimo kipya, mashine yao ikawa mbovu, tukaelekezwa maabara nyingine ng'ambo ya barabara. Alasiri kaka akaja na majibu, uso kaukunja.

"Tisini na saba," alisema. "Kutoka moja nukta moja mpaka tisini na saba! Figo zimekwisha. Upasuaji tuusahau, hatauhimili."

Jamani! Nililia mpaka kamasi zikanitoka, na sioni haya kusema. Baba hakulia. Alisema tu, "Haya. Randa yangu mpeni jirani," akageukia ukutani. Kaka naye ameshashika simu, anatafuta namba ya hospitali afute nafasi ya Alhamisi. Nafasi tuliyoisubiri tangu mwaka uanze!

Dada alikuwa amesimama mlangoni, pini mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Kaka, weka simu kwanza. Nipe karatasi zote mbili."

"Kwani wewe unayajua mambo haya?"

"Siyajui. Nipe."

Hapa nieleze kitu. Mwaka wake wa kwanza wa ufundi, mtu alimwandikia vipimo vya sare ya mtoto kwa sentimita, yeye akakata kwa inchi. Ilitoka hema. Walimcheka mpaka akataka kuhama mtaa. Tangu siku hiyo hashiki mkasi kabla hajauliza namba imepimwa kwa kipimo gani, hata mteja anune vipi.

Akazitandaza karatasi mezani, akazipanga ncha kwa ncha kama kitambaa. Kidole chake kikapita kwenye namba, kikaenda kusimama kwenye viherufi vidogo vya pembeni.

"Hapa wameandika hivi. Hapa wameandika vingine. Na huku mwisho kila maabara imeandika kiwango chake cha mtu mzima. Hii inasema mwisho 1.3. Hii inasema mwisho 115. Baba yuko ndani ya mstari kote kuwili."

Kaka akaweka simu mfukoni. Baba hakugeuka.

"Baba, inuka kidogo." Akamzungushia futi kiunoni. "Thelathini na sita. Sasa naigeuza upande wa pili: tisini na moja. Umenenepa?"

Baba aliitazama ile futi. Aliitazama tena. Halafu akaanza kucheka, mkono umeshika ngiri isimuume.

"Lo! Mimi nimepima mbao miaka arobaini! Mwanangu, unanitia aibu."

"Tusijipe moyo bure," dada akasema. "Kesho tumuulize daktari mwenyewe."

Daktari alizitazama karatasi hata dakika haikufika. "Ni kitu kilekile," akasema. "Maabara ile inatumia kipimo kingine tu. Tisini na saba ya kwao ndiyo moja nukta moja ya kwetu. Nani aliyeona?"

Kaka, na hapa nampa haki yake, alisema, "Si mimi. Ni huyu." Sauti haikutoka vizuri, lakini alisema.

Alhamisi Baba akapasuliwa, akatoka salama. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alikuja na bahasha ya dawa na karatasi ya maelekezo, akauliza ampe nani. Kaka akanyoosha mkono kwa mazoea.

"Siyo huyo," Baba akasema kutoka kitandani, kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho. "Mpe binti yangu. Kwetu sisi, msomaji ni yeye."

Dada aliipokea kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi, akaanza na zile herufi ndogo.