Kiswahili cha Kugombea

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya huko Sib, Omani, mudira, yaani mkuu wetu, alinionyesha kiti nami nikabaki nimesimama. Kutulia sijui tangu utotoni. Kazi yenyewe ilikuwa kuwasaidia watoto waliochelewa kusema, na mudira alinipa agizo moja.

"Wamama wa Kiswahili waambie waseme Kiarabu nyumbani. Mtoto akichanganyiwa lugha hatosema hata moja."

"Mimi nimelelewa kwa Kiswahili, mudira," nikamwambia, "na mpaka leo hajatokea wa kuninyamazisha."

Hakucheka.

Nikapelekwa Qurayyat, nikarudishwa Sib, kisha Al Amerat, na kila nilikokwenda agizo lilikuwa limeshafika. Tulikuwa na kipimo tulichokiita mchezo wa sakafuni: mama anakaa chini na mwanawe na vitu vya kuchezea, sisi tunatazama tu. Mama aliyelazimishwa lugha asiyoimudu, utamwona anauliza tu. Hii rangi gani? Huyu mnyama gani? Hasimulii, hatanii, habembelezi. Mtoto anafanyishwa mtihani kutwa, hamu ya kusema ataipata wapi? Nilikuwa nikitazama huku roho inanipanda.

Al Amerat ndiko alikoletwa Thuraya, wa miaka mitatu, asiyesema ila maneno ya kuhesabika. Mama yake, Zuwena, alikuja Maskati kuolewa, na baadaye akamleta mama yake mzazi kutoka Unguja. Bibi huyo Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Siku hiyo bibi naye alikuja, mtandio umemfika machoni.

Zuwena akaanza mchezo kwa Kiarabu cha kujikaza. Thuraya akamwaga maji juu ya vitu vyote. Hapo Kiswahili kikamtoka mama: "We mtoto! Nshakwambia mara ngapi? Balaa gani hili!" Mtoto akakimbilia chini ya meza. Bibi akanyoosha mikono, "Njoo, mwanangu, njoo kwa bibi," na Thuraya akazidi kujikunyata.

"Ndo kila siku hivi," bibi akaniambia. "Nkimwita ananikimbia. Mie narudi kwetu Unguja, mwanangu. Nnakaa hapa namtisha mtoto wa watu."

Moyo uliniuma. Mtoto hakuwa akimwogopa bibi yake. Katika nyumba ile Kiarabu kilikuwa cha kufunzia na Kiswahili cha kugombea, na masikini yule bibi hakuwa na lugha nyingine ya kumpendea.

Nikamwambia Zuwena abadilishe: kumwosha, kumpaka mafuta, kumlisha na kumlaza, yote kwa Kiswahili. Akitaka kugomba, agombe kwa Kiarabu.

"Bi Salma, mie kugomba kwa Kiarabu siwezi. Hakinitoki."

"Basi usigombe."

Mudira wa pale aliponiita kunikumbusha agizo, nilimwomba aje atazame mwenyewe. Hakuja. Aliyenipigia simu, wiki kadhaa baadaye, ni Zuwena, analia. Bibi alikuwa akipanga nguo zake begini, Thuraya akawa anazitoa moja moja, huku akisema, "Bibi, usende." Bibi hakwenda.

Sasa nimestaafu, na watu wananiambia nipumzike. Nitapumzikaje? Nikimwona mama sokoni Sib anamsemesha mwanawe kwa maswali tu, kama karani, miguu hainitulii. Namwendea. Wengine hunijibu vibaya, nami nawastahi, kwani sikualikwa. Majuzi nilimuuliza mmoja, kijana kabisa, aliyemhoji mwanawe kwa Kiarabu na kumgomba kwa Kiswahili, kwa nini Kiswahili chake amekiweka kwa kugombea tu.

"Na mie niligombwa nacho tu, bibi," akasema. "Hayo maneno mengine sikupata kuyasikia."

Nikamshika mkono, nikamkalisha kivulini, na kwa mara ya kwanza nikakaa na mimi.

"Njoo, mwanangu," nikamwambia. "Umekula?"