Waamkie Kwanza Wenye Mji

Ipo asubuhi moja ya mvua ambayo sijaisahau mpaka leo, mwanangu Atupele. Nilikuwa Bergen, mji wa Norwei uliobanwa kati ya milima na bahari, nimekaa pembeni ya kitanda, koti nimeshavaa, viatu nimeshavaa, na sina pa kwenda. Jana ulipoingia hapa Ibighi umeshika simu kwa mikono miwili, unacheka huku machozi yanakutoka, ukaniambia, "Shangazi, wameniita Istanbul, nikaishi na kuchora kule," asubuhi ile ilinirudia yote. Basi kaa. Chai ipo, na mvua hii haitakuruhusu kurudi kwenu Msasani, hapa hapa Tukuyu, sasa hivi. Acha nikusimulie.

Nilikuwa bado kijana, sijaolewa. Bibi yetu, mama mzaa babu yako, ndiye aliyetulea mimi na baba yako kule Lufingo, na kazi yake ilikuwa kupamba kuta. Mtu akimaliza kujenga nyumba alimwita. Bibi alikanda udongo mwekundu, akakanda na mweupe, akasaga masizi ya jikoni, kisha akachora kwa vidole vyake: pembetatu zinazofuatana, mistari inayopanda na kushuka kama vilima vyetu. Hakuwa na penseli wala rula. Ukuta ukikauka, watu walitoka mbali kuja kuutazama. Nami nilijifunza kwake, na nilipokua nikawa napamba nyumba za wageni za mjini, hata kanisa letu. Mtu mmoja aliyekuwa anapita Tukuyu akapiga picha, picha zikafika mbali, na siku moja nikaitwa. Nyumba ya wasanii huko Bergen itanipa chumba cha kulala na cha kufanyia kazi, walisema, na kabla sijaondoka nitawapambia ukuta mkubwa wa ukumbi wa mtaa wao.

Nilivyoagwa, mwanangu! Kwaya nzima ilikuja nyumbani. Mchungaji aliomba mpaka watoto wakasinzia. Wanawake wa kiwanda cha chai walinishonea vitenge. Bibi yeye hakusema mengi. Alinifungia udongo wa Lufingo kwenye vitambaa, mwekundu kwake na mweupe kwake, akanikabidhi kama anayenikabidhi mtoto mchanga.

Udongo ule haukuvuka uwanja wa ndege. Kijana mmoja mwenye sare, mpole kabisa, alifungua mzigo wangu, akashika kile kitambaa, akauliza, "Hiki nini?" Nikamwambia udongo. Akaita mwenzake. Wakanieleza kwamba udongo wa nchi nyingine hauingii kwao, huenda una wadudu wa kudhuru mashamba. Nilimwona akiutia kwenye pipa. Sikumlaumu, ni sheria yao, lakini nilitoka pale mikono inaning'inia kama si yangu.

Mwenyeji wangu aliitwa Ingunn, mwanamke mrefu mwenye cheko la ghafla. Alinifariji akaniletea rangi za dukani, makopo kwa makopo, nzuri kwelikweli. Nilizijaribu. Kila nilichochora kilikuwa kama nimekichora kwa mkono wa mtu mwingine. Rangi ilikuwa inateleza tu juu ya ubao, haina uzito, haininyimi wala hainipi. Nikafuta. Nikachora tena, nikafuta.

Na unajua sisi tulivyolelewa. Mgeni hasumbui watu. Basi nikawa nashuka ngazi kimyakimya nisimkere mtu, nanunua mkate, napanda tena. Nikisikia mlango wa jirani unafunguliwa, nasubiri ndani mpaka apite. Niliona hiyo ndiyo adabu. Ukuta wa ukumbi ulikuwa unanisubiri mweupe, siku ya kuufungua imeshatangazwa, na mimi sina hata mstari mmoja. Nilijiona nikirudi Tukuyu kwa kwaya ileile, nikiwaambia kwamba sikuweza.

Ndiyo hiyo asubuhi ninayokuambia. Nikampigia baba yako simu, yeye ndiye aliyekuwa nayo, nikamwomba ampe Bibi.

Bibi aliongea na simu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Ugonile, umeamkaje, mwanangu! Mvua ipo huko?"

"Ipo, Bibi. Kila siku."

"Afadhali. Kazi inakwendaje?"

Nikamweleza yote. Udongo umetupwa, rangi za dukani zinanikataa, ukuta mtupu. Nilikuwa nimejiandaa kwa pole. Pole haikuja.

"Jirani yako anaitwa nani?" akauliza.

"Jirani yupi?"

"Unakaa mlimani peke yako? Huyo wa mlango wa pili. Anaitwa nani?"

"Simjui, Bibi."

"Wa chini yako?"

"Simjui."

Hapo ikashuka mvua ya mawe, mwanangu. "Kumbe tumekulea vibaya," akasema. "Umeingia kwenye mji wa watu, unalala, unaamka, hujamwamkia hata mmoja! Halafu unalilia udongo. Ule wa Lufingo uliufikiri wangu? Nilikwenda kwa mwenye shamba, nikapiga magoti, nikamwamkia, tukazungumza habari za watoto wake, ndipo nikaomba. Akanionyesha yeye mwenyewe mahali pa kuchimba. Hapo Bergen hawana ardhi? Wanatembea juu ya maji? Toka humo ndani ukaamkie watu." Kisha akasema, "Salimia huko," akamrudishia baba yako simu yake.

Niliona aibu, halafu nikacheka peke yangu mpaka chumba kizima kikajaa. Nikafunga kitenge kiunoni, juu ya suruali na koti, nikashuka ngazi nikagonga mlango wa chini.

Alifungua mzee mmoja mwembamba, nywele nyeupe, soksi za sufu hadi magotini. Mimi nikafanya kama nilivyofunzwa: nikapiga goti, nikakutanisha mikono, nikamwinamia. Masikini mzee wa watu! Alidhani ninaanguka. Alinidaka kwapani akanikokota mpaka kwenye kiti, akanipepea kwa gazeti, akaniletea maji. Nilipopata nafasi ya kumweleza kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba sikuugua, nilikuwa namsalimia tu, alirudisha gazeti mezani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia hakuna mtu aliyegonga mlango ule kumsalimia tangu mkewe alipofariki.

Aliitwa Arne. Tulikunywa kahawa kali. Nikamuuliza habari za watoto wake, akanionyesha picha. Akaniuliza habari zangu. Nikamwambia ninaomba udongo.

Hakushangaa hata kidogo. Alivaa koti la mvua akampigia simu dada yake, Sigrid, aliyekuwa na shamba na ng'ombe nje ya mji. Tukaenda kwa gari lake bovu. Huko, pembeni ya kijito, Sigrid alipiga sepetu akageuza majani, na chini yake, mwanangu, kulikuwa na udongo ambao sijawahi kuuona. Si mwekundu, si mweupe. Rangi ya wingu kabla halijamwaga mvua, kijivu kinachoelekea ubuluu. Niliuchukua, nikauviringisha kiganjani. Ulikuwa laini kama unga wa ulezi uliokandwa. Nilisahau watu wanatazama. Nilipiga vigelegele, ng'ombe wakakimbia.

Tangu siku hiyo nikawa naamkia kila mtu. Jirani wa mlango wa pili alikuwa mama mwenye mapacha. Akaniambia baba yake anabomoa bomba la moshi la zamani, matofali mekundu yamejaa uani. Tukayasaga, nikapata wekundu. Mwuza mkate akaniwekea masizi ya tanuri lake. Watu wakaanza kuja ukumbini wenyewe. Huyu anaponda tofali, yule anachekecha, mwingine amekuja tu kutazama na mwisho mikono yake nayo imeingia udongoni. Ingunn aliimba huku anakanda. Nikawafundisha kusema "ndaga fijo", yaani asante sana, wakawa wanaambiana wao kwa wao siku nzima hata pasipo na jambo la kushukuru.

Ikabaki shida moja. Udongo peke yake ukikauka unapasuka na kuanguka. Kwetu dawa yake unaijua: mavi ya ng'ombe. Nilimwambia Ingunn.

"Ndani ya ukumbi?" akauliza.

"Ndani ya ukumbi."

Akanitazama, akatazama sakafu inayong'aa, akasema, "Sigrid ana ng'ombe."

Sitakuficha, ukumbi ulinuka. Mkuu wa ukumbi alikuwa mwanamke wa heshima zake, hapendi mchezo. Aliingia, akasimama, pua ikamwambia kila kitu. Nilijua akisema hapana, ukuta umekwisha pale. Nami nikamsogelea na mikono yangu michafu, nikapiga goti nikamwamkia, nikamwambia ukweli: ukikauka hautanuka, na ukinuka mimi mwenyewe nitaubandua na kuosha mpaka sakafu. Alifikiri. Akauliza nyumba za kwetu zinadumu muda gani. Nikamwambia nimezaliwa katika nyumba ambayo Bibi aliipamba kabla baba yangu hajaoa. Akafungua madirisha yote kwa mkono wake, akasema, "Tuone ukikauka."

Ukakauka. Haukunuka. Na ulishika kama ngozi.

Sasa nikachora. Vidole vilikwenda vyenyewe. Vilima vya Rungwe vikapanda upande mmoja, milima ya Bergen ikashuka upande wa pili, na katikati ile rangi ya wingu, kwa sababu mvua yao na mvua yetu ni moja. Wao walikuwa wananiomba radhi kwa mvua kila siku! Nikawaambia mimi ni wa Tukuyu, nikikaa siku mbili pasipo mvua ndipo ninapopata wasiwasi.

Siku ya kufungua, watu walijaa hadi nje, miavuli imetundikwa mlangoni kama popo. Hotuba zilikuwa fupi, Mungu awabariki. Wazee waligusa ukuta kwa viganja. Mapacha wa jirani walionyesha kila aliyepita pembetatu zao mbili, zilizopinda, ambazo sikuzinyoosha kwa makusudi. Halafu mtu akaniomba wimbo. Nikaimba wa arusi, wa Kinyakyusa, nikaanza kucheza, na mkuu wa ukumbi, yule wa heshima zake, akavua viatu akaingia. Tulicheza ukumbi mzima ukatetemeka. Sijawahi kufurahi vile mbali na nyumbani.

Niliporudi, niliwasha simu ya baba yako nikamwonyesha Bibi picha nilizokuwa nimezituma kutoka Bergen. Nilitaka autazame ukuta, anikosoe mistari. Aliutazama kidogo tu. Akaweka kidole juu ya uso wa mtu. "Huyu nani?"

"Arne. Wa chini yangu."

"Na huyu?"

"Sigrid, dada yake, mwenye ng'ombe."

"Huyu anayecheka?"

Nikamtajia wote, mmoja baada ya mwingine, na watoto wao, na nani alikuwa mgonjwa akapona. Bibi alitikisa kichwa taratibu, akatabasamu, akasema, "Basi ulifika." Kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Mwanangu, hayo ndiyo ninayotaka uende nayo. Kipaji unacho, michoro yako ya vitambaa nimeiona, inanifanya nitamani ujana. Kalamu na rangi utafunga sandukuni, na kama zikipotea njiani, usikae kitandani kuzililia. Shuka ngazi. Gonga mlango. Jifunze salamu yao kabla hujajifunza njia ya dukani, na wakikucheka ulivyoitamka, cheka nao. Uliza habari za watoto wa watu. Usiogope kuomba, anayeombwa kwa heshima hujiona ana kitu cha kutoa, nayo ni furaha kwake. Na usijidogoshe ukaacha kwenu ili ufanane nao. Goti lile lile lililomtisha Arne ndilo lililonifungulia mlango. Mgeni anayejificha kwa adabu anawanyima wenyeji nafasi ya kumpenda. Kazi ya mikono yako itakuwa na uhai pale tu utakapokuwa unajua unamfanyia nani.

Nenda Istanbul, binti wa kaka yangu. Mungu akutangulie angani na akupokee uwanjani. Akupe jirani mwenye kicheko na chakula cha moto, akulinde usipotee njia, na ukipotea akukutanishe na mtu mwema. Mikono yako isikauke, macho yako yasichoke kushangaa. Na utakaporudi, uje umejaa majina ya watu mdomoni, tukae tena hapa unitajie mmoja mmoja mpaka chai ipoe.