Mwenye Kusema Filme ya Noeli

Kwetu Bagira, filme ya Noeli haiangaliwi kimya. Inasemwa. Kunapaswa kuwa mutu anayekaa kwenye kiti kidogo karibu na tele, anasikiliza Kifaransa, anakirudisha kwa Kiswahili kwa sauti kubwa. Koko, mama ya mama yangu, anajua Mashi na Kiswahili tu. Maman naye aliacha masomo mapema, Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour. Kazi ya kusema ilikuwa ya yaya, yaani kaka yangu mukubwa.

Yeye ndiye aliyekuwa analeta filme, kwenye fulashi, kutoka kibanda kimoja cha Kadutu wanakouza nyimbo na filme. Tulikuwa tunarudi misani, tunakula wali na mbuzi, halafu yaya anajifuta mikono na kukaa kwenye kile kiti kama padri anayengoja watu wanyamaze.

Mimi nazipenda filme za Noeli zote, sina aibu kusema. Kuna ya mutoto wa mufalme anayeoa musichana muchoma mikate. Kuna ya imbwa anayepotea katika theluji. Lakini ya koko ni moja tu: ya baba mwenye shamba la miti ya Noeli, anayeishi na binti yake mudogo katika nyumba kubwa ya mbao, mpaka siku gari la mwanamuke mugeni linaharibika mbele ya mulango wao. Kila mwaka koko anaiuliza maswali yaleyale.

"Nyumba ya vyumba vyote hivi, na hakuna mugeni hata mumoja? Bako na roho mubaya?"

"Hapana, koko," yaya anajibu. "Wageni bako njiani. Bangali banangojea bus kule kijiji cha Miti."

"Na samaki sambaza banaanika wapi, na ile baridi?"

"Juu ya mabati, koko. Angalia kitu kile cheupe juu ya nyumba. Ile njo sambaza."

Tunacheka mpaka maman anatupigia kelele kutoka jikoni kwamba tutaamsha jirani aliyelewa pombe ya kasiksi.

Halafu yaya akaenda kutafuta dhahabu upande wa Shabunda. Alisema ni kwa muda tu, apate pesa ya kufungua kibanda chake mwenyewe cha filme. Alikuwa anatupigia simu akiwa juu ya mulima, maana chini hakuna rezo. Mara ya mwisho alisema Noeli itamukuta nyumbani. Noeli ikafika, yeye hakufika, na simu yake haikuita tena. Mutu mumoja aliyetoka kule alituambia kuna shimo liliporomoka na vijana wengi. Mwengine aliapa kwamba alimuona sokoni kwenye machimbo mengine, amenenepa. Maman aliwasikiliza wote wawili, akawapa wote wawili chakula. Ila Noeli ile alifunika tele na kitambaa. "Mwenye kusema haiko," alisema. Tukaelewa wote. Kuangalia filme bila yeye ingekuwa sawa na kusema hatarudi.

Mwaka huu nao akaifunika. Mimi ni mushonaji, wiki yote kabla ya feti nilikuwa kwenye mashine nikishona nguo za watoto wa watu, na sikuwaza. Zamani nilipenda kuwaza nikishona. Niliwaza kwamba siku moja nitakuwa mwanamuke wa kwanza kusema filme katika saluni za video za Kadutu, kule watu wanalipa kuangalia, na nilijaribisha sauti mashine ikilia, ya muzee, ya mutoto, ya muchawi. Siku hizi mashine inalia peke yake. Roho yangu imekufa ganzi kama muguu niliouketia vibaya kanisani: ni wangu, nauona, lakini hauniambii kitu.

Siku ya Noeli, baada ya misa, mvua ilianza, na umeme ulikuwepo. Koko akagonga kiti chake.

"Ondoeni kitambaa."

"Maman," maman akamujibu koko, "mwenye kusema haiko."

"Huyu iko na kinywa." Akaninyooshea kidole. "Miye niko muzee. Nikikufa mbele ya Noeli ingine, mutaniwekea tele juu ya kaburi?"

Maman alisimama na mwiko mukononi. "Fanyeni vile munataka," akasema, akarudi kwenye mbabula ya makaa.

Mudogo wangu wa kike aliwasha. Nilikaa kwenye kile kiti nilichokitamani utoto wote, na sikuhisi furaha wala huzuni. Nilianza kusema tu.

"Sauti ya kuku," mudogo wangu akanong'ona.

"Unasema sawa mutu anasoma matangazo ya parokia," koko akaongeza. "Huyu baba, yaya yako alikuwa anamupatia sauti ya ngoma."

Nikajaribu ngoma. Nikatoa jogoo. Walicheka, na mimi nilisikia kicheko chao kama kinatoka nyumba ya pili.

Tukafika mahali ambapo baba na binti wanatembea katika theluji na maua, mpaka kwenye jiwe la kaburi. Katika filme, mama ya mutoto alikufa. Lakini yaya, mwaka wa kwanza, alipoona mudogo wetu ambaye alikuwa angali kitoto anaanza kukunja uso, alisema haraka: "Banaenda kuangalia shamba. Mama yake iko Kampala, anafanya biashara, atarudi." Uongo huo ukamuletea kazi. Kwa sababu mwishoni baba anaoa yule mugeni wa gari, na koko akaruka: "Na muke wa Kampala je?" Yaya hakukosa: "Koko, huyu njo ule wa Kampala! Alibadilisha nywele. Bwana alikuwa na hasira, njo maana alijifanya hamujui." Koko alipiga makofi. Tangu hapo hatukuwa na filme ingine. Kwetu yule mama alirudi kila Noeli.

Sasa wale wawili walikuwa mbele ya jiwe, na mimi nilinyamaza. Mudogo wangu yuko sekondari, Kifaransa anakisikia, aliniangalia. Nyuma yetu maman alikuwa amefika mulangoni. Nilijua kwamba neno lolote nitakalosema, atalisikia juu ya mutoto wake.

"Umemeza ulimi?" koko akauliza.

"Banaenda kuangalia shamba," nikasema. "Mama yake iko Kampala. Atarudi."

"Njo vile," koko akasema, na filme ikaendelea. Mama akarudi na nywele mupya, wakaoana, koko akapiga makofi.

Nikatoka nyuma kumusaidia maman kuosha sahani chini ya mabati. Alisugua sufuria kwa majivu kwa muda murefu.

"Ule mama wa mutoto," akasema, "alikufa?"

"Ndiyo, maman."

"Nilijuaka. Kwenye jiwe kulikuwa musalaba. Koko yako pia anajua, usimuone vile." Akageuza sufuria. "Lakini siye hatujaonyeshwa jiwe. Basi sema tu sawa vile yeye alisemaka."

Aliyasema kama mutu anayeomba sabuni. Nilingoja machozi, nikiwa nimesimama pale na sahani mukononi. Hayakuja. Nilimwaga maji machafu, nikamupatia masafi.

Ndani koko alikuwa anapiga kelele kwamba umeme ungali upo na tunauharibu bure. Maman akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaingia. Miaka yote alikuwa anasikiliza filme kutoka jikoni. Siku hiyo alikaa, akamusukuma koko kidogo ili apate nafasi.

"Weka ingine," akaniambia. "Na useme kwa nguvu, hii mvua inapiga sana."