Kitufe Kilichokuwa Chini ya Skrini

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, Sahro alifuta skrini kwa ncha ya mtandio wake, polepole, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Duka la mapazia pale ghorofani Eastleigh, Nairobi, lilikuwa la shemeji yake, Abdijabar. Tangu mumewe afariki, Sahro ndiye aliyelifungua na kulifunga.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kuagizia mapazia kutoka Uturuki. Abdijabar alikuwa amewekewa kwenye brauza programu ndogo ya kutafsiri Kituruki. Ilitafsiri vizuri, ila ilikuwa na umbea. Chochote ulichotafuta, ilikionyesha tena pembeni kwa picha, hata kama ameketi mtu mwingine.

Na Sahro alikuwa akitafuta nyumba mtaa wa Donholm, yenye dirisha la kuwekea cherehani. Hakutaka mtu ajue mpaka aipate. Mwaka jana alisema wazi kwamba anataka kujitegemea. Wazee wa familia wakaja, wakakaa, wakanywa chai yake na kumbembeleza mpaka akasema basi, nabaki.

Kwa hiyo akimaliza kutafuta, alifungua mipangilio ya ile programu, palipoandikwa Faragha, akazima swichi zote, akafunga. Kesho yake alizikuta zimewaka. "Mashine imezeeka, inasahau," alijisemea, akazizima tena.

Siku moja Abdijabar akaketi kuagiza mzigo. Wateja walikuwepo, na Kilonzo, fundi, alikuwa amekuja kutazama printa.

"Shemeji," Abdijabar akaita, macho kwenye skrini. "Hii kitu inaniuliza kama bado nataka nyumba Donholm. Mimi si nina nyumba?"

Mteja mmoja akacheka huku amejificha nyuma ya pazia analopima.

"Nilizima," Sahro akasema.

"Ulizima nini?"

Sahro akamwonyesha Kilonzo anavyofanya: fungua, zima, zima, funga.

"Ai, mama, hujahifadhi," Kilonzo akasema. Akaupunguza ukurasa ukawa mdogo, na chini kabisa kikatokea kitufe: Hifadhi. "Skrini yenu ni fupi. Kimekuwa huku chini siku zote, na ukurasa hauteremki."

"Huyo aliyeitengeneza, hata nyumba anaijengea mlango chini ya kitanda?" Sahro akauliza.

Abdijabar mwenyewe akacheka. Kisha akashusha sauti. "Bonyeza basi, shemeji, yaishe. Ama niite wazee tukae tuongee?"

"Waje na chai yao. Yangu waliimaliza."

Sahro akabonyeza Hifadhi. Akafunga ukurasa, akaufungua tena, na swichi zilikuwa zimezimika. Akafuta skrini kwa mtandio, akaweka ufunguo wa duka mezani.

"Sasa sina ninachoficha. Na nyumba bado ipo, umeiona mwenyewe."

Akashuka ngazi bila haraka. Jioni Abdijabar alihangaika na kufuli peke yake, na kuanzia hapo skrini ikaanza kushika vumbi.