Mawe ya Mizani Yaliyochemshwa Ijumaa

Mawe ya mizani yaliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko yote niliyopata kuyaona yalichemshwa Ijumaa alasiri kwenye sufuria ya ugali, na Jumatatu yakashindwa mbele ya mkaguzi wa serikali. Aliyeyachemsha ni mama mkwe wangu. Alidhani anatusaidia.

Nilikuwa nimeolewa Keumbu muda si mrefu. Mume wangu alifundisha Nyamache na kurudi nyumbani mwisho wa juma, kwa hiyo siku za kazi boma lilikuwa la watu watatu: mimi, mama mkwe, na baba mkwe aliyekuwa na karakana ya mizani kando ya barabara. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye benchi, jiko la makaa na harufu ya mafuta ya mashine. Ufundi aliupata Nyansiongo, kwenye shamba la mzungu, alikotunza mizani ya maziwa na ya pareto. Mzungu alipouza shamba na kuondoka baada ya Uhuru, baba mkwe alirudi nyumbani na sanduku la tupa na keekee, akaanza kutengeneza mizani za wenye maduka zilizoharibika. Kutengeneza zilizoharibika tu, kwa miaka.

Kisha ratili ikaanza kuondoka na kilo ikaingia. Kila mwenye duka alihitaji mawe mapya. Baba mkwe akaona nafasi yake imefika: angeunda mawe yake mwenyewe, kutoka kwa ekseli kuukuu za malori, na mkaguzi angeyapiga muhuri. Bila muhuri, hakuna mwenye duka angethubutu kuyaweka kwenye mizani. Na mkaguzi alipita kwetu kwa nadra. Baba mkwe akikosa muhuri safari hii, soko lote lingekuwa limeshanunua mawe ya kiwandani Kisii mjini kabla mkaguzi hajarudi.

Alihitaji mtu wa pili mwenye macho mazuri, na mtu wa pili nilikuwa mimi. Hapo palikuwa na tatizo. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe wana heshima yao, tunaiita chinsoni. Hawakai karibu, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawazungumzi ovyo. Majirani walishaanza kucheka kabla sijashika hata jiwe moja.

"Mzee, utafanyaje kazi na mke wa mwanao?" walimuuliza.

"Kuna jamvi," aliwajibu.

Na kweli alitundika jamvi katikati ya kibanda, akaacha uwazi chini, juu ya benchi. Upande wake mizani moja, upande wangu mizani nyingine. Alikata chuma, akakipunguza kwa tupa mpaka kikawa chepesi kidogo kuliko kilo au nusu kilo iliyotakiwa, akatoboa shimo chini yake na kutia punje za risasi, ile metali nzito, moja moja mpaka mshale ukasimama katikati. Akaziba shimo kwa nta, ya kushikilia tu, mpaka mkaguzi aridhike na risasi igongwe na kupigwa muhuri. Kisha akasukuma jiwe chini ya jamvi na kuondoa mkono. Mimi nililichukua, nikalipima upya kwa mawe ya mfano aliyonunua mjini. Likiwa sawa, niliweka kwenye sinia. Likikataa, nililisukuma kurudi. Hakuna aliyesema neno. Ndipo baba mkwe alipogundua faida ya jamvi lile, akamtangazia mama mkwe kwa sauti ili nami nisikie: "Huyu hawezi kuniambia niko sawa ili kunifurahisha. Hata akitaka, hana njia!"

Nilipenda kazi ile kuliko yoyote niliyofanya baadaye. Mshale ukisimama, nilijisikia kama nimeimba wimbo mpaka mwisho bila kukosea.

Tulimaliza Alhamisi. Ijumaa ni siku ya maandalio kwetu Wasabato: nyumba inafagiliwa, nguo zinapigwa pasi, kila chombo kinasuguliwa kabla jua halijazama. Mimi nilikuwa mtoni na nguo. Mama mkwe akapita karakanani, akaona sinia la vyuma vyenye alama za vidole na nta chafu chini, na mgeni wa serikali anakuja Jumatatu. Akavibeba vyote jikoni. Akavichemsha, akavisugua kwa majivu, akavirudisha vinang'aa. Maji machafu akayamwaga migombani.

Jumatatu mkaguzi akafika, mtu wa pwani, mpole, na mizani yake ndogo ndani ya kasha la mbao. Akaweka jiwe la kwanza. La pili. La tatu.

"Mzee wangu, mawe yako mepesi," alisema.

"Hapana, bwana. Hayo nimeyapima mimi, na mke wa mwanangu akayapima tena."

"Sina ugomvi nawe. Tazama mshale mwenyewe."

Baba mkwe alitazama. Sijasahau uso wake. Mkaguzi akageuza jiwe, akachungulia shimo. "Risasi iko wapi?"

Wakati huo mama mkwe akatokea na ndizi mgongoni, akauliza kwa Kikisii mbona tumenyamaza kama tumefiwa. Nikamweleza.

"Ule uchafu?" alisema. "Niliutoa wote! Mlitaka mgeni aone vyombo vyenye kokoto ndani?"

Nilimtafsiria mkaguzi. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika benchi. Baba mkwe alikaa juu ya sanduku lake la tupa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika naye kwa kicheko.

"Mama wa watoto," alisema, "ungeniachia hata jiwe moja chafu."

Mkaguzi alikuwa akielekea Nyansiongo kwenye mizani za maziwa. "Nitarudi kwa njia hii hii alasiri," alisema. "Nikiyakuta tayari, napiga muhuri. Nisipoyakuta, mzee, basi mpaka ziara nyingine."

Risasi nyingine hatukuwa nayo. Mama mkwe hakungoja kuambiwa. Alichukua ungo, akaenda migombani, akachota udongo pale alipomwaga maji na kuanza kuupepeta kama wimbi. Udongo ukaruka, punje nzito zikabaki. Wanawake wa jirani waliposikia, walikuja na nyungo zao.

"Leo mnavuna risasi?" mmoja aliuliza.

"Pepeta, acha maneno," mama mkwe alijibu. "Ukimeza, utapimwa na wewe."

Punje zilifika karakanani kwenye kikombe cha chai. Tukaanza upya, kila mtu upande wake wa jamvi, na vicheko vya wanawake nje. Jiwe baada ya jiwe, mshale ulisimama. Mkaguzi aliporudi, alipima yote bila haraka, akagonga risasi ndani na kupiga muhuri. Kila nyundo iliposhuka, wanawake walipiga vigelegele. Siku ile karakana ya kutengeneza mizani mbovu ikawa karakana ya kuunda mawe, na wenye maduka wa Keumbu walianza kuja kabla ya juma kuisha.

Ila jiwe moja la nusu kilo halikuhitaji risasi hata punje. Shimo lake lilikuwa tupu, na lilikuwa sawasawa. Mkaguzi alilipima tena na tena, akalipiga muhuri kwenye chuma chenyewe.

Kama lilikuwa na risasi kabla ya kuchemshwa, basi lilikuwa zito kupita kiasi, na sisi wawili tulilipitisha. Kama halikuwa nayo, baba mkwe alikata chuma kikatoka sawa mara ya kwanza, jambo analosema halijawahi kumtokea.

"Muulize mke wa mwanangu alipima nini," alimwambia mama mkwe.

"Mwambie baba nilipima alichonipa," nilisema.

Mama mkwe aliapa kwamba alitoa uchafu katika kila shimo. Kisha akafikiri, akasema labda moja lilikuwa safi tangu mwanzo, hakumbuki.