Foto mbili zenye pazia moja

Televisheni ya mtaa wetu niliiwasha mimi. Wako wanaojisifu leo, wana tai shingoni na vyeti ukutani, waache waseme. Mimi nilikuwa fundi wa redio Buyenzi, shule niliiacha darasa la pili, na mtambo wa kurushia picha niliuunda kwa vyuma vya kuokota kwenye magereji ya majirani. Mlingoti wa antena ulikuwa bomba la maji juu ya bomba la maji. Bwana mmoja aliyesoma Ulaya alikuja kuukagua, akatikisa kichwa, akasema haiwezekani. Wakati anasema hivyo, watu kwenye kabare ya jirani walikuwa na bia mkononi wanaangalia mpira tuliourusha.

Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya gereji. Kuta nilizitandika mablanketi ili nyundo za mafundi zisiingie hewani. Tulianza saa kumi alasiri, tukamaliza kabla ya saa ya watu kujifungia ndani, maana vita ilikuwa imewafundisha watu kuwahi nyumbani. Mpira, kwaya, kisha komunike, yaani matangazo ya watu. Na komunike ndizo zilizotupa jina. Watu walikuwa wametawanyika, huyu kakimbilia Uvira ng'ambo ya mpaka, yule hajulikani. Wakatuletea foto. Foto ya anayetafutwa tuliionyesha hivi hivi. Ya aliyefariki niliifunga kitambaa cheusi kwenye kona. Wazo hilo lilikuwa langu, na lilikuwa zuri: kwenye kabare kelele ni nyingi, sauti haisikiki, lakini ukiona kitambaa cheusi umeshaelewa.

Msomaji wetu alikuwa mwanamke wa Kanyosha, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Tulimwita Mwalimu, naye aliniita Patron, yaani bosi. Alisoma Kirundi, Kiswahili na Kifaransa bila kujikwaa, macho kwenye kamera ya kwanza. Kamera ya pili ilitazama meza, na mezani niliziweka foto mimi, moja moja, kwa kufuata anavyosoma.

Sasa nitasema jambo ambalo hata mke wangu alikaa miaka mingi halijui. Nilikuwa sijui kusoma. Namba nilizijua, lakini herufi zilikuwa zinanipita kama siafu. Gazeti nililifungua kila asubuhi mbele ya wafanyakazi, nikaguna, nikaligeuza. Sahihi yangu niliichora kama mtu anavyochora nyoka. Kuhusu foto nilikuwa na ujanja wangu. Kabla ya kwenda hewani nilimwambia, "Mwalimu, soma kidogo nisikie kama sauti iko sawa." Yeye anasoma, mimi napanga. Akisoma kwamba mama wa Bwiza anamtafuta dada yake, nakumbuka yule mama mwenye kilemba cha njano na foto aliyoileta, naiweka mahali pake. Kichwa changu kilikuwa daftari. Sikuwahi kukosea.

Siku hiyo risasi zililia upande wa Kanyosha tangu asubuhi. Mwalimu alifika zimebaki dakika tatu, viatu mkononi, kapita mashambani. Kujaribu sauti hakukuwezekana. Mezani palikuwa na foto mbili za vijana wenye mashati meupe, nyuma yao pazia lile lile la studio moja ya mjini, lililochorwa maporomoko ya maji. Zote alizipokea Mwalimu jana yake, nikiwa juu ya paa nakaza antena; habari zao alinisimulia tu. Mmoja kafa kwa ugonjwa. Wa pili alikuwa mwashi, kaenda kujenga ukuta wa villa Kinindo, hajarudi. Nani ni nani, sikujua.

"Patron, foto umepanga?" Mwalimu aliniuliza, anafuta matope miguuni.

"Mi si mutoto, Mwalimu. Soma."

Nilichagua. Nilimfunga mmoja kitambaa cheusi, na Mwalimu akasoma tanzia. Hata hajafika kwa wanaotafutwa, umeme ukakatika. Tukafunga, watu wakaenda kwao.

Kesho yake asubuhi kaka wa marehemu aliingia uani amevimba kwa hasira. "Patron, jana mulimuzika nani? Ule si mudogo wangu."

Nyundo zote za gereji zilinyamaza. Mafundi walikuwa wananitazama, hawa hawa niliowaambia kila siku kwamba mimi ni chuo kikuu kinachotembea. Nikamwita Mwalimu.

"Umechanganya foto."

"Mimi, Patron?"

"Nani mwingine anasoma hapa? Kazi yako imekwisha."

 Alikunja karatasi zake, akasema, "Sawa, Patron," akatoka. Niliwaambia mafundi kwamba kazi ya hewani haitaki mtu mwenye woga. Wakacheka, nyundo zikaanza tena. Nikapanga kuirudia tanzia kwa foto ya kweli. Komunike ya mwashi niliifuta kabisa. Ningemwonyeshaje mtu anatafutwa, wakati jana nimemfunga kitambaa cheusi? Mtaa mzima ungeuliza.

Adhuhuri akaja mama mmoja amejifunga khanga kiunoni. Nilijua ni nani kabla hajasema. Jirani yake alikuwa kwenye kabare moja ya Kanyosha jioni ile. Sauti hakuisikia. Kitambaa alikiona.

"Baba," aliniambia, "mi sikuje kukusumbua. Nataka foto ya mutoto wangu. Sina mwili wa kuzika, acha nikae matanga na foto. Ni hiyo moja tu."

Niliitoa kwenye mkebe wa biskuti. Nilikuwa nimeshaondoa kitambaa. Nilipaswa kumwambia: mama, ni kosa, huyu hatujui kama kafa. Mafundi walikuwa pale pale. Ningesema ni kosa, angeuliza kosa la nani, na Mwalimu hayupo wa kubeba tena. Halafu nikajidanganya kwamba siku hizi anayetafutwa ni kama kafa tu, kwa hiyo nimemfupishia njia.

"Pole sana, mama," nikasema.

"Asante, baba. Mungu akubariki na kazi yako." Akaishika foto kwa mikono miwili, akaenda.

Miezi miwili baadaye kijana mwenye shati lililochanika begani alisimama mlangoni kwangu. Pazia la maporomoko halikuwepo nyuma yake, lakini uso niliujua. Alikuwa amevuka kwenda Uvira.

"Nimesikia kule nimekufa," alisema, akitabasamu. "Wanasema mulinionyesha vizuri."

Nilimpakia kwenye pikapu yangu mwenyewe, nikampeleka Kanyosha kwa kasi ambayo dereva wa serikali asingethubutu. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa waya. Jirani akatuambia: baada ya kumaliza matanga, kaka yake mama alikuja akamchukua, wakaelekea kambi za Tanzania. Mama alikuwa amekataa kukimbia siku zote, kwa sababu mtoto akirudi atamkuta nani? Sasa hakuwa na wa kumsubiri.

Kijana alikaa kizingitini. "Nani aliweka foto yangu?"

"Mwalimu mmoja," nikasema. "Nilimfukuza."

"Asante," akaniambia. Alinishukuru.

Nilimwacha pale, nikatembea hadi kwa Mwalimu, si mbali. Nilitaka aandike barua ambayo kijana ataibeba, wenye kambi wamsomee mama popote alipo. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Nyuma ya ile foto niliandika ANATAFUTWA," alisema. "Herufi kubwa, Patron. Mama hajui kusoma. Na wewe huwezi kumusomea."

Nikatazama maharage kwenye ungo.

"Tangu wiki ya kwanza nilijua. Gazeti ulikuwa unashika kichwa chini."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mbele ya wafanyakazi wako?" Aliuweka ungo chini. "Ningekuvua nguo mbele ya watu?"

Akaingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu, akanipa. "Mimi sitaandika. Andika weye."

Nilikaa nayo magotini. Maharage yalikuwa yanaanguka kwenye sufuria, moja moja. Mwishoni nilichora sahihi yangu chini kabisa, ile ya nyoka, na juu yake karatasi ikabaki tupu. Nilimrudishia. Hakucheka. Kijana aliondoka kesho yake bila barua, akapanda lori la kuelekea Tanzania, na mpaka leo sijasikia kama alimpata.

Kuandika nilijifunza nikiwa na mvi. Mwalimu simwoni tena, nyumba yake wanakaa wengine. Lakini ile karatasi bado naijaza kichwani, na inanitosha mistari miwili. Mama, mtoto wako yuko hai. Foto niliiweka mimi.