Kalista Aenda Kanada Kukagua Mbuzi

Kalista wa Kasekese ni mjane wa miaka sitini na nne, na kukaa bure kwake ni ugonjwa. Hupita kwenye mashamba ya wenzake akiwaelekeza namna ya kupalilia, hata wasipomuuliza. Mwanawe Optatus alipomtumia tiketi ya kwenda Kanada, majirani walimfurahia, na wao wenyewe wakajifurahia kimyakimya.

Optatus alikwenda huko kumfuata mkewe, Épiphanie, binti aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba kabla wazazi wake hawajahamia ng'ambo. Sasa wawili hao wanafuga mbuzi wa maziwa.

Kalista alisafiri na jembe, amelifunga kwenye kitenge katikati ya nguo. Wakaguzi wa uwanja wa ndege walimwachia jembe, wakachukua mbegu zake za maharage.

"Wamenionea," alimwambia mwanawe badala ya salamu.

Siku nne za kwanza aliambiwa apumzike. Alipumzika hadi mgongo ukamuuma. Akampigia shoga yake Leticia.

"Huku mbwa analala sebuleni," alimweleza. "Mbuzi hawana majina, wana namba masikioni kama wafungwa. Na jirani simwoni."

"Si upumzike tu, dada?"

"Nimepumzika mpaka naumwa!"

Siku ya tano Optatus na mkewe walipeleka maziwa mjini. "Mama, tafadhali, usiguse kitu," mwanawe alimwomba.

Kalista akavaa koti la Optatus lililomfikia kwenye vifundo vya miguu, akatoka. Akawakuta mbuzi wanatafuna nyasi kavu, na ng'ambo ya uzio majani mabichi yanapepea.

"Nyie mmefungwa kwa kosa gani?" akawauliza. Akafungua geti.

Alidhani watamfuata polepole kama mbuzi wa Kasekese. Hawakumfuata. Walimpita mbio wakaingia kwenye shayiri ya jirani. Aliwapigia mluzi, akawatukana kwa Kibende, lugha ya kwao, wapi! Hawakugeuka.

Mara likaja trekta. Akashuka jirani mwenyewe, mzee wa Kizungu mwenye kofia, anaitwa Walter. Kalista akajiandaa kutukanwa. Yule mzee alimtazama, koti na kilemba, kisha akatanua mikono na kuanza kuswaga. Saa nzima walihangaika wawili, kila mmoja akifoka kwa lugha yake, hadi mbuzi wa mwisho akaburutwa kwa pembe.

Optatus aliporudi aliona shayiri imekanyagwa, akawakuta wawili hao barazani wanakunywa chai.

"Mama! Si nilikukataza kugusa?"

"Sijagusa. Nimefungua tu."

Épiphanie akageuka pembeni ili mumewe asimwone anacheka. Optatus akaanza kumwomba radhi mzee kwa ajili ya shayiri, lakini Walter alipunga mkono, akaongea kwa muda mrefu.

"Anasemaje?" Kalista akauliza.

Optatus akamtafsiria. "Anasema tangu tuhamie alitaka kuja kutusalimia. Akadhani hatupendi wageni. Na sisi tulidhani yeye ndiye hatutaki."

"Mna miaka mingapi hapa?"

"Minne."

Kalista akaweka kikombe chini. "Miaka minne, mwanangu, hata hodi? Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Mama, huku unaogopa kusumbua watu," Optatus alijibu, akainamisha kichwa. Épiphanie akasogea, akamshika bega. Kalista akammiminia mwanawe chai, maana hakujua afanye nini kingine.

Kuanzia hapo Walter alikuja kila Jumamosi. Kalista alimpikia ugali. Mzee akaula kwa uma, na Kalista akamsamehe kwa sababu ya umri.

Alirudi Kasekese mwishoni mwa Juni. Wiki chache baadaye Optatus alipiga simu. Alikuwa ameshinda siku tatu akimsaidia Walter kukata nyasi, na mzee alimgombeza mchana kutwa kwamba hajui kuendesha trekta.

"Amekugombeza kabisa?" Kalista akauliza.

"Kabisa, mama. Mbele ya watu."

Kalista alicheka hadi akaketi chini. "Basi mmeshazoeana," akasema.